Usimpe mteja hadithi ya kuzaliwa kwake

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkunga, na baada ya miaka mingi leba nilisomea ushauri nasaha. Sasa nimeombwa niandae kozi ya miezi sita kwa wakunga na washauri: saikolojia ya mtoto tangu tumboni hadi baada ya kuzaliwa, pamoja na tiba inayopitia mwili. Katika warsha niliyowahi kuhudhuria tulilazwa chini, tukapumua kwa kasi, tukaongozwa "kurudi" tumboni mwa mama zetu. Wengi walilia. Mshiriki mmoja alitoka akiamini mama yake alitaka kuitoa mimba yake, na mpaka leo hawazungumzi. Je, na mimi nifundishe hivyo? Kama sivyo, nianzie wapi na nifundishe nini hasa?

Jibu: Marahaba, dada. Swali lako la kwanza nalijibu kwa neno moja: hapana. La pili linahitaji nafasi, kwa sababu somo hili ni zuri na linastahili kufundishwa vizuri, na wewe uliyepokea watoto kwa mikono yako una cha kuwapa wanafunzi ambacho wanasaikolojia wengi hawana.

Nianze na huyo mshiriki, maana habari yake imeniuma. Kilichompata warshani kinaelezeka bila kumhusisha mama yake hata kidogo. Kwanza, pumzi. Mtu akipumua kwa kasi na kwa kina kwa muda mrefu, hewa ya ukaa hupungua kwenye damu. Mishipa ya damu ya ubongo hujibana, kichwa kinakuwa chepesi, midomo na vidole vinaingia ganzi, viganja vinakakamaa na kujikunja, na hisia zinapanda. Hayo yatampata mtu yeyote, awe alizaliwa kwa njia ya kawaida au kwa upasuaji. Mwongozaji akisema dakika hiyohiyo kwamba "mwili unakumbuka ulivyobanwa njiani", amelichukua jambo la kemia ya damu na kuligeuza historia ya mtu.

Pili, ombi lenyewe la kurudi. Kumbukumbu hujengwa upya kila tunapoiita, na matarajio ya anayetuongoza huingia humo bila hodi. Elizabeth Loftus na mwenzake walionyesha mwaka 1995 kwamba takriban mtu 1 kati ya 4 aliishia kukubali, nzima au kwa sehemu, kumbukumbu ya kupotea madukani utotoni, tukio ambalo watafiti walilitunga. Kuna utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 1999 ambao unagusa suala lako moja kwa moja: watu wazima waliongozwa, baadhi kwa hipnosi (hali ya kutulizwa akili na kuongozwa kwa maneno) na wengine bila hipnosi, warudi hadi siku moja baada ya kuzaliwa, wakiwa wamedokezwa kwamba huenda juu ya kitanda chao kulining'inizwa pambo la rangi. Wengi walisimulia mambo ya uchanga huo, na wengi waliliona hilo pambo. Hawakuwa waongo. Waliona walichoandaliwa kukiona.

Tena, nia ya mama haifiki tumboni kwa njia yoyote inayojulikana. Zinafika homoni, sauti, mwendo, ladha, mapigo ya moyo. Wazo la kutoa mimba halipiti kwenye kondo la nyuma. Kwa hiyo ukimpata mshiriki huyo, mwambie kwa upole kwamba machozi yake yalikuwa ya kweli na yana chanzo, pengine katika maisha anayoyakumbuka vizuri kabisa, lakini ile hadithi ilitoka chumbani mle, haikutoka mwilini mwake. Kisha mwelekeze kwa mshauri ambaye hakuhusika na warsha ile. Usilisukume suala la kupatana na mama; akishajua kwamba ushahidi aliokuwa nao si ushahidi, mengine ataamua mwenyewe.

Nimelitaja hili kwanza kwa sababu ndilo msingi wa kozi nzima ninayokushauri uandae. Mwili wa mteja una mengi ya kusema kuhusu leo. Kuhusu siku aliyozaliwa, hakuna mtaalamu anayeweza kuusoma. Mwanafunzi akilishika hilo, mengine yote utamfundisha bila hofu. Asipolishika, kadiri anavyojifunza zaidi ndivyo anavyozidi kuwa hatari.

Na hatari yenyewe si ya maneno tu. Mwezi Aprili 2000, huko Colorado, Marekani, mtoto wa kike wa miaka 10 alifungwa ndani ya shuka huku watu wazima wakimkandamiza kwa mito, wakidai wanamfanya azaliwe upya ili ampende mama yake wa kulea. Alisema mara nyingi kwamba hapati hewa. Walichukulia kilio chake kuwa sehemu ya tiba. Zoezi lilichukua zaidi ya saa moja, na mtoto akafariki siku iliyofuata. Wataalamu wawili walihukumiwa kifungo cha miaka 16 kila mmoja, na jimbo hilo likapiga marufuku zoezi la namna hiyo. Kisa hiki kisomwe darasani wiki ya kwanza, polepole, na wanafunzi waulizwe: ni imani gani ilimfanya mtu mzima asikie "siwezi kupumua" na asisimame? Majadiliano hayo yana faida kuliko orodha yoyote ya maadili ya kazi.

Historia ya fani ifundishe kwa kifupi lakini kwa haki. Otto Rank, mwanafunzi wa karibu wa Sigmund Freud, mwasisi wa tiba ya uchambuzi wa nafsi, alitoa kitabu mwaka 1924 akidai kwamba hofu zote za binadamu zina mzizi katika kuzaliwa. Freud alilipokea wazo hilo kwanza, kisha akalikataa, na wawili hao wakaachana. Stanislav Grof, daktari wa akili kutoka Prague, aliwapa wagonjwa LSD, dawa inayomfanya mtu aone maono, akaziainisha taswira walizoziona katika hatua nne za kuzaliwa. Dawa hiyo ilipopigwa marufuku akageukia pumzi ya kasi, na warsha uliyohudhuria bila shaka ni mjukuu wa hiyo. Thomas Verny na David Chamberlain walisaidia kuifanya fani hii iwe na jumuiya na mikutano yake kuanzia miaka ya 1980. Waambie wanafunzi kwamba watu hawa walikuwa sahihi katika jambo moja kubwa: waliamini mtoto mchanga anahisi, wakati ambapo hospitali nyingi hazikuamini. Walipopotoka ni pale walipochukua wanayosimulia watu wazima wakayafanya ripoti ya yaliyotokea.

Suala la kuhisi lina ushahidi wa aina nyingine kabisa, nao ndio uwe mwili wa muhula wako wa kwanza. Hadi miaka ya 1980 ilikuwa kawaida mahali pengi kumpasua mtoto njiti kwa nusu kaputi hafifu sana, pengine kwa dawa ya kulegeza misuli tu, kwa imani kwamba neva zake hazijakomaa kiasi cha kuhisi maumivu. Mwaka 1987 Kanwaljeet Anand na wenzake walionyesha kwamba njiti waliopewa dawa kamili ya maumivu wakati wa upasuaji walikuwa na homoni chache za msongo na matatizo machache baadaye. Desturi ikabadilika. Hapo hapakuhitajika mtu mzima kukumbuka chochote. Ilitosha kumpima mtoto mwenyewe.

Wape pia masomo ya sauti. Mwaka 1980 Anthony DeCasper na William Fifer waliwapa vichanga wa siku zisizozidi tatu chuchu bandia iliyounganishwa na mashine ya sauti. Mtoto akinyonya kwa mpangilio mmoja anasikia sauti ya mama yake, akibadilisha anasikia ya mwanamke mwingine. Walirekebisha kunyonya ili wamsikie mama. Miaka sita baadaye ikaonyeshwa kwamba kichanga anatofautisha hadithi ambayo mama yake aliisoma kwa sauti katika wiki 6 za mwisho za ujauzito na hadithi asiyowahi kuisikia. Na kuhusu ladha, Julie Mennella aliona mwaka 2001 kwamba watoto ambao mama zao walikunywa juisi ya karoti katika miezi mitatu ya mwisho walikunja uso mara chache kuliko watoto wengine walipopewa uji wenye ladha hiyo. Mtoto tumboni anajifunza, basi. Anazoea, anapendelea, anatambua. Hilo ni tofauti na kukumbuka tukio na kulisimulia, uwezo unaotegemea sehemu za ubongo na lugha ambazo zinakomaa baadaye. Watu wazima wengi hawana kumbukumbu ya kuaminika ya kabla ya mwaka wa pili au wa tatu. Mwanafunzi anayeweza kueleza tofauti hiyo kwa mama mjamzito, kwa maneno ya kawaida, amefaulu nusu ya kozi.

Sasa sehemu inayohitaji ulinzi mkubwa: msongo wa mama. Ni kweli kwamba wasiwasi mzito na wa muda mrefu katika ujauzito unahusiana na matatizo ya kihisia na kitabia kwa mtoto. Katika utafiti mkubwa wa Avon, Uingereza, watoto wa wajawazito waliokuwa na wasiwasi mkubwa kuliko wengine walikuwa na takriban mara mbili ya uwezekano wa kuwa na matatizo hayo walipofika miaka 4. Lakini usiishie hapo, kwa sababu wanafunzi wakiishia hapo wataondoka na fimbo ya kuwachapia akina mama. "Mara mbili" ya jambo lisilo la kawaida bado si la kawaida: watoto wengi wa akina mama hao hawakuwa na tatizo lolote. Kondo la nyuma lenyewe lina kimeng'enya kinachovunja sehemu kubwa ya kotisoli, homoni ya msongo, ya mama kabla haijamfikia mtoto. Na mahusiano ya baada ya kuzaliwa yana nguvu ya kurekebisha. Edward Tronick, aliyetazama kwa makini sana mama na kichanga wakicheza ana kwa ana, aligundua kwamba hata jozi zilizo na afya hupishana muda mwingi: mmoja anatazama, mwingine ameangalia pembeni, mmoja anacheka, mwingine amechoka. Wanapotezana kisha wanarudiana. Kurudiana huko ndiko kunakomjenga mtoto.

Mama aliyefiwa akiwa na mimba ya miezi saba hakufanya kosa. Mama aliyepigwa hakufanya kosa. Kila mhadhara unaohusu msongo umalizikie kwenye swali la nani amsaidie mama: nani ampe usingizi, nani amwondolee mzigo, nani amsikilize, nani ampeleke kwa daktari. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban wajawazito 10 kati ya 100, na wanawake 13 kati ya 100 waliojifungua, wana tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na idadi iko juu zaidi katika nchi maskini. Kwa hiyo fundisha dodoso la Edinburgh, la maswali 10 ya kubaini dalili za sonona kwa mama, linalotumika tangu mwaka 1987. Fundisha hasa swali la 10, la kujidhuru: namna ya kuliuliza bila kuyakwepa macho ya mama, na nini kifanyike siku hiyohiyo jibu likiwa ndiyo. Mshauri anayejua historia yote ya Rank na hajui la kufanya na swali la 10 hajaiva kwa kazi hii.

Nije kwenye tiba inayopitia mwili. Jadi hii ina wazee wengi, kuanzia Wilhelm Reich hadi Peter Levine na Pat Ogden, na wanafunzi watakuuliza nani yuko sahihi. Waambie ukweli: kwa kiwewe, ushahidi mzito zaidi uko kwenye tiba ya utambuzi na tabia inayolenga kiwewe na kwenye ile ya kusogeza macho, majaribio ya tiba za mwili bado ni machache, ingawa baadhi yana matumaini. Mimi mwenyewe naegemea kwa Eugene Gendlin, ambaye akiwa Chuo Kikuu cha Chicago alisikiliza kanda za vikao vingi vya tiba na kuona kwamba wateja walioendelea vizuri walikuwa wakituliza maneno katikati, wakatafuta ndani ya mwili hisia isiyo na jina bado, kisha wakaongea kutoka hapo. Huo ni ujuzi unaofundishika, na hauhitaji mtu alale sakafuni.

Ufundishe hivi. Wakae watatu watatu: mmoja asimulie, mmoja amsaidie, wa tatu atazame kimya. Msimuliaji achague jambo dogo la wiki hiyo. Msiba usiguswe, wala kujifungua. Tuseme anaeleza alivyokatizwa maneno kikaoni, na katikati ya sentensi mkono wake wa kulia unapanda hadi kooni na sauti inafifia. Mwanafunzi aliyesoma vitabu viwili atatamani kusema, "Huenda kitovu kilikuzunguka shingoni ulipozaliwa." Wewe unajua kuliko mtu yeyote kwamba kitovu huzunguka shingo ya takriban mtoto mmoja kati ya wanne au watano, na mara nyingi unakipitisha tu kichwani na mtoto analia vizuri. Maana yake ni kwamba dhana hiyo italenga mara nyingi kwa bahati tu. Mteja ataenda kumuuliza mama yake, ataambiwa "ndiyo, kweli", na kuanzia hapo atamwamini mshauri kwa kila kitu. Ndivyo mtu mwema anavyogeuka mpiga ramli bila kujua.

Mwanafunzi aliyeelekezwa vizuri anasema, "Naona mkono umeenda kooni. Ukiweza, uache hapo kidogo. Hapo pakoje?" Kimya. "Pamekaza." "Pamekazaje?" Kimya tena, kirefu zaidi, na hapo ndipo wanafunzi wengi hushindwa kuvumilia wakaingiza swali jipya. Mfundishe asubiri. "Kuna neno nimelimeza." "Lingetoka, lingekuwa neno gani?" Msimuliaji anatazama chini, anasema, "Nilikuwa sijamaliza." Anashusha pumzi, mabega yanashuka nayo. Basi. Msaidizi anamwomba ahisi miguu yake sakafuni, atazame chumbani, ataje vitu vitatu anavyoviona, na zoezi linaishia hapo. Halafu aliyekuwa akitazama anasoma alichoandika, na kanuni ni kwamba aandike tu kilichoonekana na kilichosikika: mkono, koo, sauti, mabega. Akiandika "alikuwa na hasira iliyofichika", mfute na umwombe aseme aliona nini. Rudia zoezi hili kila wiki kwa miezi yote sita. Linaonekana dogo, lakini ndilo linalomtoa mwanafunzi kwenye kubuni na kumweka kwenye kuona.

Kuhusu kugusa, wakunga wako watakuwa na kazi ngumu kuliko washauri. Leba imewazoeza kugusa kwanza na kueleza baadaye, kwa sababu mara nyingi hakuna muda. Kwenye tiba mpangilio huo unaumiza. Mtu aliyewahi kudhulumiwa hujibu "ndiyo" kwa sauti nyepesi huku mwili umeshaganda, na mkono uliozoea kazi hautagundua. Nina zoezi ninalolipenda: mwanafunzi anaomba ruhusa ya kuweka kiganja begani kwa mwenzake, na mwenzake ameagizwa akatae mara tatu za kwanza. Anayeomba ajifunze kupokea "hapana" bila kununa, bila kushawishi, bila kucheka. Angalia nyuso zao. Wakunga wengine hutokwa na machozi hapo, kwa sababu wanawakumbuka wagonjwa ambao hawakupewa nafasi ya kukataa. Wape muda, ni somo ambalo hutalipata kwenye mhadhara.

Pumzi ya kasi usiitumie kabisa. Mjamzito asiifanye, wala mwenye kifafa, ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu au historia ya kupoteza uhalisia. Na kwa kuwa darasani hutajua kila mtu ana nini, kanuni rahisi ni kuiacha. Pumzi ya polepole, yenye kutoa hewa kwa muda mrefu kuliko kuivuta, inatosha kwa kila unachokihitaji.

Muhula wa pili warudishe leba, maana huko ndiko fani hii inaokoa watu badala ya kuwachambua baadaye. Takriban wanawake 4 kati ya 100 hupata ugonjwa kamili wa kiwewe baada ya kujifungua, na wanaposimulia, uchungu wenyewe si mara zote unaoongoza. Wanasimulia kutoelezwa kinachoendelea, kufokewa, kufanyiwa jambo bila kuulizwa, mtoto kuchukuliwa bila neno. Yote hayo yako ndani ya uwezo wa mkunga hata zamu ikiwa na watu wawili. Na mtoto akitoka, kifuani kwa mama. Utaratibu wa kangaroo ulioanzia Bogotá mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati vitanda vya joto havikutosha, ulijaribiwa kwa vichanga wadogo sana nchini Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania: waliowekwa ngozi kwa ngozi mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri watulie kwanza, walikuwa na vifo pungufu kwa robo katika siku 28 za mwanzo. Matokeo yalitoka mwaka 2021. Hakuna mbinu nyingine ya mwili katika kozi yako yenye ushahidi wa uzito huo, na mkunga yeyote anaweza kuifanya kesho asubuhi.

Kuhusu kuwapima: cheti kiseme wamehudhuria kozi ya kuongeza ujuzi, kisiwape jina la tabibu. Kila mmoja alete kikao kimoja alichorekodi kwa ruhusa ya mteja, cha dakika ishirini, pamoja na maandishi yake. Pitia mstari kwa mstari, ukitia alama kila alipotaja alichokiona na kila alipokisia. Kukisia kukiwa kwingi mpe nafasi arekebishe. Lakini nikikuta sentensi moja tu inayomweleza mteja jinsi alivyozaliwa au mama yake alivyojisikia akiwa na mimba yake, mimi simpitishi, hata kama kikao kingine chote ni kizuri, mpaka alete kikao kipya.